Kunja kwanza, andika baadaye: mwongozo wa vishairi vya mistari mitatu kutoka kwenye origami

Maswali kuhusu vishairi hivi vya origami, yaani sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi iwe maumbo, ni yale yale kila mara. Eti lazima nijue Kijapani? Eti lazima nikunje korongo, yule ndege wa karatasi anayejulikana sana? Mbona havina vina? Hizi silabi zinahesabiwaje? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo nayaweka yote hapa, we kaa na karatasi mkononi usome taratibu, ukifika mwisho utakuwa na kishairi chako kimoja, kizuri au kibaya tutajua baadaye.

Tunachofanya ni hivi. Unakunja kitu cha karatasi kwa mikono yako mwenyewe, afu unaandika haiku, yaani mistari mitatu ya silabi 5, 7 na 5, kutokana na kilichotokea wakati unakunja. Sio kuhusu origami kwa ujumla, sio kusifia Japani, ni hicho ulichokikunja leo na karatasi hiyo uliyoishika. Na usidhani ni kitu kimebuniwa juzi mtandaoni. Mwaka 1680 mshairi wa Kijapani Ihara Saikaku aliandika kishairi kifupi cha aina hii hii kinachotaja vipepeo vya karatasi, vile walivyokuwa wanapamba navyo vyombo vya sake (pombe ya mchele) harusini, na hicho kishairi ni mojawapo ya ushahidi wa zamani kabisa tulionao kwamba watu walikuwa wanakunja maumbo ya karatasi kule. Kitabu maarufu cha kukunja makorongo kimechapwa 1797, zaidi ya miaka mia baadaye. Kwa hiyo kishairi kilitangulia.

Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi. Ya rimu ya kawaida ya A4 inatosha, ile ya gramu 80. Karatasi rasmi za origami huwa mraba wa sentimita 15 na rangi upande mmoja, ukizipata steshenari sawa, usipozipata hujapungukiwa chochote. Manila iache, inapasuka kwenye mkunjo.
- Penseli na daftari. Biro baadaye.
- Meza au kitu kigumu. Kukunja juu ya kitanda au mapajani ndo chanzo cha kona zisizokutana.
- Nusu saa hivi bila simu. Kama unahitaji video ya kukuelekeza basi hilo umbo bado hujalijua, soma hatua ya 1.

Kupata mraba kwenye A4: shika kona moja ya juu, ilete chini mpaka upande mfupi wa juu ulale sawasawa juu ya upande mrefu wa pembeni, piga kucha, chini kitabaki kipande cha mstatili, kikate. Umepata mraba wa sentimita 21, na hicho kipande kilichobaki ni cha sentimita 8.7 kwa 21. Usikitupe! Hicho ndo cha kuandikia kishairi.

Silabi, tumalize hili kabisa

Kila irabu inabeba silabi yake: ka-ra-ta-si ni 4, ju-u ni 2, pa-a ni 2. Ile m ya mtu, mkono, mfuko inasimama peke yake, kwa hiyo m-ko-no ni 3. Lakini mb ya mbuzi, nd ya ndege, ng ya ngoma zinashikana na irabu inayofuata, nde-ge ni 2. Na vile vineno vifupi kama mbwa, nchi, nta, herufi ya kwanza inahesabiwa, n-chi ni 2. Maneno kama daktari na labda watu huvutana, wengine wanahesabu hivi wengine vile, mi nayakwepa tu.

Waliosoma mashairi ya Kiswahili shuleni hapa mna faida kubwa, maana hii ni mizani ile ile. Mshororo mmoja wa tarbia ya kawaida, shairi la mistari minne kila ubeti, una mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) nane utao (nusu ya pili). Haiku nzima ni 17. Yaani unapewa nafasi ya mshororo mmoja tu wa shairi letu na nyongeza ya silabi moja, na Wajapani wenyewe kwa desturi huiandika kwa mstari mmoja wa wima. Vina havitakiwi. Vikija vyenyewe sawa, ukivilazimisha kishairi kinaanza kuimba wakati kilitakiwa kionyeshe kitu.

Hatua zenyewe

1. Chagua umbo ambalo mikono inalijua tayari. Mashua, kofia ya gazeti, eropleni ya kurusha, bahasha. Yale ya utotoni. Korongo ni zuri lakini lina mikunjo mingi na kama ndo unajifunza leo kichwa chote kitakuwa kwenye maelekezo, utaandika kishairi kuhusu kuchanganyikiwa. Jifunze korongo wiki hii, liandikie wiki ijayo.

2. Chagua karatasi ambayo tayari imefanya kazi nyingine. Hapa ndo siri ilipo kwa maoni yangu, na wengi wanaruka. Karatasi nyeupe tupu haikupi kitu cha kuandika. Chukua bili ya maji, karatasi ya mtihani, gazeti la juzi, ratiba ya mafunzo ya kipaimara, fomu iliyokosewa. Maneno yaliyoko juu yake yatakatwa na mikunjo, mengine yatafichwa, mengine yataangukia sehemu hujategemea, na hapo hapo kishairi kimeshaanza kabla hujagusa penseli. Tahadhari: hakikisha ni kitu ambacho hakihitajiki tena. Bili ambayo haijalipwa ipige picha kwanza, na vyeti vya watu usiviguse kabisa.

3. Kunja polepole na ukae kimya. Piga kila mkunjo kwa kucha. Angalia kona zinakutana au zinapishana, sikiliza, ona neno gani limepotea na lipi limebaki juu. Huandiki kitu bado.

4. Simama nusu njia. Hii nimeipenda sana kwenye mashua. Unakunja karatasi nusu kwa nusu, unaleta kona mbili za juu zikutane katikati, unapandisha kingo za chini, moja mbele moja nyuma, na hapo una kofia. Kofia kamili, unaweza kuivaa. Ndo baadaye unaifungua chini, unailaza iwe kama almasi, unapandisha ncha za chini, unafungua tena na kuvuta masikio pembeni, mashua hiyo. Kila mashua imewahi kuwa kofia dakika moja kabla. Sasa ukikimbilia mwisho unalikosa hilo, na mara nyingi kishairi kiko pale kwenye kofia wala hakiko kwenye mashua.

5. Andika vitu, usiandike hisia. Ukimaliza kukunja, fungua daftari uorodheshe ulichoona, vineno tu. Mfano wa karatasi ya mtihani wa hesabu iliyokunjwa ndege:

   sifuri, wino mwekundu
   jina la mtoto limekatika katikati
   kichwa cha ndege kimeinama
   bawa moja nene kuliko jingine
   sahihi ya mwalimu mkiani
   sifuri imeangukia chini ya bawa

   Hakuna "huzuni" hapo. Hakuna "matumaini". Ukishaandika neno kama hilo kwenye orodha likate, maana litakuvutia mpaka mstari wa tatu na kishairi kitageuka risala.

6. Tafuta mkunjo. Karatasi ikikunjwa sehemu mbili zilizokuwa mbali zinagusana. Kishairi nacho kinataka hivyo hivyo, vitu viwili tu, na sehemu moja vinapogusana. Pitia orodha yako utafute viwili ambavyo havikutakiwa kukaa pamoja. Kwenye ile ya juu ni rahisi, sifuri na bawa. Wanaokunja wanajua mkunjo wa bonde, unaokuja kwako, na mkunjo wa mlima, unaokwenda nyuma, kwenye michoro bonde ni mstari wa vistari vilivyokatika katika na mlima una vistari na nukta, alama zinazotokana na kazi ya Akira Yoshizawa (1911–2005), yule bingwa aliyefanya watu wa lugha yoyote waweze kufuata mchoro bila kusoma neno hata moja. Mi huwa najiuliza swali lile lile kwa kishairi: mstari wa mwisho unamleta msomaji karibu au unampeleka upande ambao haonekani? Vyote vinafaa. Ila mkunjo uwe mmoja. Miwili kwenye silabi 17 karatasi inapasuka.

7. Sasa ndo uhesabu. Andika kwanza sentensi ndefu ya kawaida, kama unavyomwambia mtu: *nimekunja ndege kwa karatasi ya mtihani na ile sifuri nyekundu ikaangukia chini ya bawa.* Afu anza kupunguza. "Sifuri nyekundu" ni silabi 6, imezidi moja. Ukitoa nyekundu unabaki na 3, unahitaji 2 za kujazia. "Sifuri yake"? 5, inakaa, lakini hapo tunamwangalia mtoto kwa mbali kama wazazi. "Sifuri yangu" pia 5, na ghafla anayekunja ni mwenye sifuri mwenyewe. Angalia, hesabu ndo imetusukuma mpaka hapo, tungeachiwa nafasi tungebaki na nyekundu.

   *Sifuri yangu*
   *iko chini ya bawa —*
   *ndege karuka*

   Si-fu-ri-ya-ngu, 5. I-ko-chi-ni-ya-ba-wa, 7. Nde-ge-ka-ru-ka, 5. Hesabu kwa vidole, usiamini sikio, sikio linameza ile m ya mwanzo kila siku.

8. Kata tena. Maneno ya kuyatilia shaka: kama, kweli, sana, maisha, moyo, dunia. Sio kwamba ni marufuku, ila yakiwemo mawili kwenye kishairi kimoja ujue umeacha kuangalia karatasi. Na kichwa cha kishairi usiweke, hakina haja, kile kitu ulichokunja ndo kichwa chake.

9. Kirudishe kwenye karatasi. Chukua kile kipande cha sentimita 8.7 kwa 21, kikunje sehemu tatu kama barua, kifungue, andika mstari mmoja kila sehemu, kikunje tena ili mstari wa tatu uwe wa ndani kabisa. Msomaji akifungua anasoma wa kwanza, akifungua tena anakutana na wa pili na wa tatu. Au unaandika juu ya umbo lenyewe, lakini hapo fanya hivi: kunja mpaka mwisho, weka alama ndogo ya penseli pale maneno yatakapokaa, kunjua, andika karatasi ikiwa imelala, kunja tena. Ukiandika juu ya mashua iliyosimama biro inatoboa, na makapeni yanavujia upande wa pili.

Kosa linaloua vishairi vingi

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu ni letu sisi hasa. Tumelelewa na mashairi ya mawaidha, kwenye kaditama, ubeti wa mwisho, lazima uage wasomaji na funzo, kwa hiyo mtu anakunja vizuri, anaangalia vizuri, afu mstari wa tatu anapanda mimbari. Ona hiki:

*Maisha kama*
*karatasi hukunjwa*
*tuvumilie*

Hesabu iko sawa, 5-7-5 bila tatizo. Lakini karatasi gani hiyo? Nani kaikunja? Imekuwa nini? Hakuna aliyekunja kitu hapo, mtu kaandika akiwa na mikono mfukoni. Linganisha na hiki cha bili:

*Bili ya maji*
*imekunjwa mashua —*
*bombani vumbi*

Malalamiko yote ya mtaa yamo humo na hakuna aliyelalamika. Kama ungeongeza "serikali itusaidie" ungekuwa umekiua. Shairi la mawaidha lina mahali pake na lina wakubwa wake, silisemi vibaya, ila linahitaji beti za kutosha za kujenga hoja, humu nafasi ya hoja haipo.

La pili linalofanana na hilo ni makorongo elfu moja. Kila anayeanza anataka kuandika kuhusu Sadako Sasaki, yule binti wa Hiroshima aliyeugua saratani ya damu iliyohusishwa na mionzi ya bomu na akafariki 1955 akiwa na miaka 12, akikunja makorongo hospitalini. Naelewa kwa nini. Ila watoto wa dunia nzima wameshaandika hilo, mpaka leo watu wanapeleka makorongo ya karatasi kwenye mnara wa watoto pale Hiroshima, na kama huna jambo lako mwenyewe la kuongeza utakuwa unaazima kilio cha mtu. Anza na mashua ya bili.

Vionjo kidogo, sio lazima

Wajapani kwa mila huweka neno la msimu ndani ya haiku. Sisi tunayo: masika, vuli, kusi, kaskazi, msimu wa maembe, wiki ya kufungua shule. Usitumie "theluji" kama hujawahi kuishika.

Unaweza pia kutafuta maneno yanayokunjika pande mbili. Hiki ni cha mafundi rangi, wale wanaovaa kofia za gazeti wakipaka dari:

*Habari kubwa*
*juu ya fundi rangi —*
*tone jeupe*

Msomaji anadhani gazeti limeandika habari juu ya fundi, kumbe gazeti lenyewe ndo liko juu yake. Usitafute hivi kwa nguvu, ukikunja sana vinakuja.

Na jaribu kukunjua. Umbo lolote ukilifungua mpaka likalala, alama za mikunjo zinabaki zote, ni ramani kamili. Kuna watu wanaona bora hapo kuliko kwenye umbo lililokamilika, na sijui kama nawapinga:

*Barua tupu:*
*alama za korongo*
*zingali humu*

Ikikugomea

*Silabi zimezidi moja na sioni pa kukata.* Angalia vitenzi kwanza. "Imekunjwa" ni 4, "yakunjwa" ni 3. "Ameruka" ni 4, "karuka" ni 3. Kiswahili kinaruhusu kubana kitenzi bila kukivunja. Ila kubana kwa kukata herufi ovyo, "krtasi", hapana, huo ni ujumbe wa simu.

*Silabi zimepungua.* Usijazie "sana" au "kweli". Rudi kwenye orodha ya hatua ya 5, utakuta kitu kidogo cha silabi mbili au tatu ulikiacha: wino, kona, kucha, mkia.

*Nimebaki na mistari miwili mizuri na wa tatu hautaki.* Mara nyingi ule wa tatu ndo wa kwanza. Vibadilishe nafasi. Isipokubali, kunja upya umbo lile lile kwa karatasi tofauti, maana inawezekana karatasi haikuwa na kitu.

*5-7-5 inanibana mno.* Waandishi wengi wa haiku wa nje ya Japani hawaifuati kabisa, wanabaki na ufupi tu. Kwetu inakaa vizuri kwa sababu silabi zetu ziko wazi kama zao, kwa hiyo ningekushauri uvumilie kwanza ndo uamue. Ukitaka kufupisha zaidi, 3-5-3 ni mchezo mzuri wa daladala.

*Karatasi imechanika katikati.* Hiyo ni bahati. Iache ilivyo, andika pale ilipochanika na ilikuwa neno gani.

*Kona hazikutani na ndege amepinda.* Mraba wako sio mraba, rudia kukata. Kishairi ukishakipata usimnyooshe ndege, wakae hivyo hivyo.

*Mtu kasoma hajaelewa.* Mwonyeshe na umbo lenyewe. Kama akiliona anaelewa, kishairi kizima, ila kinahitaji kusafiri na karatasi yake. Kama bado haelewi kuna kitu unakijua wewe tu na hukukiweka, mara nyingi ni karatasi ilikuwa ya nini, kiingize mstari wa kwanza.

*Vimejaa, nitavihifadhi wapi?* Boksi la viatu. Korongo lihifadhi likiwa bado bapa, kabla hujashusha mabawa, utapanga mengi kwenye nafasi ndogo, na kipande cha kishairi kiingize katikati ya mabawa ili visipotezane. Mashua zikandamize zirudi kuwa almasi. Tarehe andika kwa penseli kwenye kipande, usiandike kwenye umbo.